Mama Shuka na Yule wa Jiwe

Vitabu vilishuka chini vikiwa vimefungwa ndani ya mashuka. Hakuna aliyevituma. Mgonjwa anasoma, usingizi unamchukua, kitabu kinateleza na kulala naye. Asubuhi mtu wa usafi anakusanya shuka kwa pembe zake nne, anafunga furushi, na kitabu kimo humo humo pamoja na kijiko, soksi ya mguu mmoja, na siku moja meno ya bandia ya mzee wa wodi ya wanaume, ambayo yalirudishwa juu yakiwa yameshafuliwa.

Mwanamke aliyeyafungua mafurushi hayo alikuwa na miaka hamsini na miwili, na katika miaka ishirini na mitatu ya kazi yake pale hospitalini jina alilopewa na wazazi lilikuwa limekwisha matumizi. Wote walimwita Mama Shuka. Alikuwa na binti mmoja aliyeolewa mbali, ambaye kila Jumapili humpigia simu, wakaulizana hali, wakajibiana nzuri. Mume pia alikuwa naye. Aliondoka kwenda kutafuta kazi binti akiwa anaota meno, na mtu akimuuliza Mama Shuka habari zake hujibu kwa upole, "Bado anaitafuta."

Chumba cha kufulia kilikuwa nusu chini ya ardhi. Madirisha yake yalikaa karibu na dari, kwa hiyo dunia ya nje ilipita pale kwa miguu tu: viatu vya madaktari, ndala za wagonjwa, magurudumu. Mlikuwa na mashine mbili kubwa. Moja ilikuwa nzima, na nyingine ilikuwa ya kubembelezwa, maana mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, na ikianza kukamua ilicheza na kusogea kama mtu anayetaka kutoka ukumbini kimyakimya. Chini ya mguu ule waliweka kipande cha ubao, ubao ukaoza kwa maji, wakaweka mwingine. Upande wa pili wa chumba alisimama Mzee Pasi, mnyooshaji, mtu wa maneno mengi na meno machache, aliyesema kwamba tangu azaliwe hajasoma kitabu chochote kwa sababu alikuwa anasubiri Mama Shuka amalize vyote.

Kitabu kilichoshuka kilirudishwa kwa mwenyewe kama mwenyewe yupo. Kama ameshakwenda nyumbani, au amekwenda kule kusikorudiwa, kitabu kilikaa dirishani siku kumi. Asipotokea wa kukiulizia, Mama Shuka alikichukua, akakisoma mpaka jalada la nyuma, kisha akakipandisha juu kati ya mashuka safi, kikawekwe kwenye kabati la wodi ya wanawake. Ndani yake alitia kijikaratasi.

Vijikaratasi hivi ndivyo vilivyomfanya ajulikane hata na watu ambao hawajawahi kumwona. Alivikata kutoka kwenye karatasi zinazofungwa kwenye mafurushi kuonyesha ni ya wodi gani. Mbele pamechapwa, nyuma peupe. Sehemu ya juu aliandika maoni yake. Sehemu ya chini aliandika mwisho wa hadithi ulivyo, akaikunja mara mbili na kuibana kwa pini, na juu ya mkunjo akaandika: *Mwenye muda asifungue.*

Watu wazima na akili zao walimwambia hivyo sivyo, mwisho wa kitabu hauelezwi, ni kumwibia msomaji. Aliwasikiliza, akaendelea. Alikuwa na sababu yake. Miaka kumi na saba nyuma kulikuwa na msichana wa kitanda cha mlangoni aliyekuwa akisoma riwaya moja ya mapenzi kwa pupa, mpaka sista wa zamu alimnyang'anya ili ale. Asubuhi moja kitabu kilishuka na mashuka yote, hata blanketi, na blanketi halishuki kila siku. Uzi mwekundu wa kuwekea alama ulikuwa umebakiza kurasa kumi na moja. Mama Shuka alizisoma zile kurasa amesimama, mikono ina povu. Hazikuwa na jambo kubwa, walioana. Lakini aliumia moyo kwamba jambo dogo kama lile msichana hakulipata, na tangu siku hiyo akaanza kubana miisho kwa pini, kwa ajili ya wale wasio na muda.

Sharti lake lilikuwa moja. Hakuandika asichokisoma, wala hakukisifia kitabu kwa kukionea huruma.

Na miaka ile ya karibuni vitabu vilikuwa vingi, vyenye majalada ya kung'aa, vya aina mbili tu: vya mapenzi na vya maajabu, yaani falme zisizokuwepo, majini, majoka na mabinti wenye mapanga. Mama Shuka alivisoma vyote, na darasa lake la saba lilimtosha.

"Mwanamume ni tajiri, mrefu, na hana ndugu hata mmoja wa kumgongea mlango," aliandika juu ya kimoja. "Anamdharau msichana kurasa mia mbili, analia ukurasa mmoja, yamekwisha. Mimi nisingemsamehe. Ila mvua ya sura ya tisa imeandikwa vizuri. Isome hiyo, ulale."

Juu ya kingine: "Wanapendana kwa sababu mwandishi amesema wanapendana. Ushahidi mwingine sikuuona."

"Joka ni muungwana kuliko watu wote humu. Lingepewa kitabu chake."

"Vita kila sura, damu kila ukurasa, na hakuna hata mmoja anayefua. Damu hutoka kwa maji ya baridi na chumvi, ikiwahiwa. Mwandishi angeuliza."

Na juu ya riwaya moja nene iliyokuwa ikigombewa na wodi nzima aliandika: "Binti mfalme anatembea msituni siku arobaini na gauni jeupe, na anatoka likiwa jeupe. Mimi ni mfuaji. Nilikifunga kitabu siku tatu nikamwomba Mungu uvumilivu."

Kijikaratasi hicho ndicho kilichorudi chini na majibu. Upande wake uliochapwa, juu ya maandishi ya wodi, mtu alikuwa ameandika kwa herufi ndogo zilizonyooka kama mshono: "Mimi ni fundi cherehani, kitanda cha kumi na nne. Hilo gauni hata lisingevalika. Amesema limebana, lina mikono mirefu, halina zipu wala kifungo. Aliingiaje?"

Mama Shuka alicheka mpaka Mzee Pasi akainua pasi.

"Nani kafa akakuachia urithi?"

"Hakuna. Kuna mtu juu ana macho."

Basi wakaanza kuandikiana. Kitabu kinapanda, kitabu kinashuka. Yule wa juu aliona mishono ambayo Mama Shuka hakuiona: kwamba mashujaa wa riwaya hawanenepi, kwamba hakuna mwanamke anayekimbizwa akavunjika kisigino cha kiatu ila yule ambaye mwandishi hana njia nyingine ya kumsimamisha, kwamba busu la kwanza siku zote huja baada ya mtu kuanguka, "kana kwamba wenye miguu imara hatupendwi." Naye Mama Shuka alimjibu kwa karatasi mbili, halafu tatu. Miaka yote alikuwa akiongea na vitabu peke yake, na hakujua kwamba alikuwa peke yake mpaka alipojibiwa.

Wiki ya nne msukuma toroli aliumwa mgongo. Mama Shuka akalisukuma toroli mwenyewe mpaka wodini.

Kitanda cha kumi na nne kilikuwa ukutani. Mwanamke aliyekilalia alikuwa mwembamba juu na mzito chini, miguu imevimba, uso umepauka. Figo zake zilikuwa zimechoka kazi. Shingoni alivaa futi ya fundi, ile ya kitambaa, kama wengine wanavyovaa mkufu. Kila Jumatatu alijipima kifundo cha mguu na kuandika namba ukutani kwa penseli, moja chini ya nyingine. Namba zilikuwa zinapanda.

Alimtazama mgeni wake, akatazama toroli.

"Wewe ndiye Mama Shuka?"

"Ndiye."

"Nilidhani ni mnene."

"Kwa nini?"

"Maoni yako mazito."

Mama Shuka akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo haliruhusiwi, na baadaye mgongo wa msukuma toroli ulipopona alimwambia aupumzishe zaidi.

Fundi hakuwa na mtu mwingine wa kuja, ila wifi yake wa Jumapili, ambaye alizungumza na sista juu ya kichwa cha mgonjwa kama watu wanaopatana bei ya kabati. Watoto hakujaliwa. Kaka yake alikuwa ametangulia. Aliyabeba hayo bila kuyatangaza. Alichokipenda kukizungumza ni vitabu, na kati ya vitabu, kimoja.

Kiliitwa *Mlinzi wa Kisima Kikavu*, hadithi ya sehemu tatu. Kijiji kina kisima, binti anakilinda, kijana mpiga filimbi anayempenda anageuzwa jiwe ukingoni mwa kisima kile, na siku hiyo hiyo maji yanakauka. Ili kumwamsha, binti anaanza kutoa vyake kimoja kimoja: kwanza sauti, kisha kivuli, kisha kumbukumbu ya uso wa mama yake. Kila anapotoa, kisima kinamlipa kikombe kimoja cha maji, na jiwe linabaki jiwe.

"Hiki," Mama Shuka alikuwa ameandika juu ya sehemu ya kwanza, "sina la kusema. Nimekisoma mara mbili." Hakuwahi kuandika hivyo tena.

Sehemu ya pili walisoma kwa zamu, Fundi mchana, Mama Shuka jioni akifika nyumbani. Iliishia pale binti anapoweka sikio kifuani pa jiwe. Akasikia. Basi. Chini yake pameandikwa kwamba sehemu ya pili imekwisha.

"Mwandishi huyu ana roho mbaya," Fundi alisema. Kitabu kilikuwa kimelala tumboni mwake. "Amesikia nini?"

"Tutajua sehemu ya tatu."

"Ipo?"

"Nitaitafuta."

"Itafute upesi, Dada. Jana daktari alikaa kitandani."

"Alikaa?"

"Daktari akisimama, habari ni zile zile. Akikaa, ujue." Alivuta futi yake ikazunguka shingo. "Sina la kudai kubwa. Nguo za watu nilimaliza zote kabla sijalazwa, hakuna mteja ananidai hata kifungo. Nataka tu kujua yule wa jiwe anaamka au haamki. Unibanie kwa pini, mimi sasa ni wale wasio na muda."

Mama Shuka alikwenda kwa muuza vitabu mwenye meza karibu na posta. Yule bwana hakusubiri hata amalize sentensi.

"Sehemu ya tatu? Mama, wewe ni wa sita wiki hii. Haijatoka."

"Itatoka lini?"

"Ningejua, ningekuwa nauza utabiri."

Nyuma ya kitabu palikuwa na namba ya simu ya wachapishaji. Akaipiga saa ya mapumziko, amejibanza kwenye ghala la sabuni ili mashine zisifunike sauti yake. Alijibu msichana mwenye sauti nzuri. Mwandishi bado anaandika, alisema. Hawezi kusema amefika wapi.

"Sikuulizi mengi, mwanangu. Niambie moja tu: yule kijana wa jiwe anaamka? Sitamwambia mtu ila mmoja, na huyo naye hana wa kumwambia."

"Mama, kusema kweli hata sisi hatujui," msichana akasema, na sauti yake sasa haikuwa ya kazini. "Pole."

Aliporudi kwenye mashine, Mzee Pasi alikuwa ameshasikia yote, maana ghala lile mlango wake haufungi.

"Tunga," alisema.

"Nitunge nini?"

"Mwisho. Andika kwamba anaamka, bana pini yako, mpelekee. Kwani huyo mgonjwa atakwenda kumuuliza mwandishi?"

"Miaka kumi na saba sijaandika nisichokisoma."

"Basi wa kumi na nane uwe wa kuandika." Akanyoosha foronya, akaikunja. "Mama mwenye maoni, nikuambie. Uongo nao una kazi yake. Mimi kila siku nanyoosha shuka la mtu ambaye kesho atalikunja. Na nalinyoosha vizuri."

Siku mbili alilibeba neno hilo. Siku ya tatu, saa ya chakula, alikata kijikaratasi, akaegemea meza ya pasi, akaandika polepole: "Anaamka. Kwanza vidole, halafu kope. Hasemi jina la binti, maana binti mwenyewe ameshalisahau. Anaomba maji, na kisima kinayatoa." Akakikunja mara mbili, akabana. Akaona haya, kama mtu aliyeokota kitu sokoni na mwenyewe bado yuko mbele yake.

Alipanda ngazi akiomba. Aliomba Mungu amfunge ulimi, au amfungue, lolote lenye heri.

Namba ukutani zilikuwa zimesimama. Jumatatu hiyo Fundi hakujipima. Alikuwa ameegeshwa kwa mito miwili, pumzi zake fupi, lakini macho yalikuwa yale yale. Alipokea kijikaratasi, akakipapasa kwa kidole gumba chenye makovu ya sindano, akaigusa pini. Hakuifungua.

"Umekisoma?"

Hapo ndipo ulipokuwa mlango. Neno moja lingetosha, na neno lenyewe ni fupi. Mama Shuka alilitafuta kinywani, na kinywa chake hakikuwa nalo.

"Hapana," akasema. "Hakijatoka. Nimetunga mimi."

Fundi alicheka kidogo, kicheko kikamgeukia kikohozi. Kilipotulia akakiweka kijikaratasi ndani ya kitabu vile vile kilivyobanwa.

"Nilijua ulivyoingia. Umeingia kama mtu aliyeharibu kitambaa cha mteja." Akapumzika. "Mwisho wa kutunga sitaki. Lakini maoni yako nayataka. Sehemu zote mbili umezisoma, na wewe hakuna kitabu kilichowahi kukudanganya. Kwa maoni yako ya kweli, kama yale ya gauni: anaamka?"

Hili Mama Shuka aliliweza. Hili ndilo alilolijua. Alikaa sawa, akafikiri kama anavyofikiri akiwa na kalamu. Alikumbuka kikongwe wa sehemu ya kwanza aliyesema jiwe halirudishi lilichomeza. Alikumbuka kuvu lililoota ndani ya filimbi. Akakumbuka vile vikombe vya maji, kila kimoja kidogo kuliko cha kabla.

"Haamki," akasema. "Mwandishi ameufunga mlango mwenyewe, tena kwa makusudi. Pale kifuani binti amesikia moyo wake yeye ukidunda. Akimwamsha yule kijana sasa, atakuwa ametudanganya tangu ukurasa wa kwanza."

Kwa muda wa pumzi moja alifurahi, maana aliona amesema vizuri. Kisha akamtazama Fundi.

Fundi alikuwa anatazama dari. Machozi hayakuwepo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesimama mlangoni na mzigo, akaambiwa mwenye nyumba hayupo.

"Hata mimi niliona hivyo," alisema. "Tangu ukurasa wa mia na kitu. Nilitaka tu mtu wa kunibishia."

"Lakini huenda…"

"Usianze, Dada. Kudanganya hujui. Utajichoma sindano." Akamshika mkono, akaipapasa ngozi iliyokauka kwa sabuni. "Niambie habari za Mzee Pasi. Bado ana yale meno mawili?"

Wakazungumza habari za Mzee Pasi. Mama Shuka alizisimulia zote, hata za kuzua, na Fundi alicheka pale pa kucheka.

Alhamisi furushi la kitanda cha kumi na nne lilishuka na blanketi.

Ndani mlikuwa na kitabu, sehemu ya pili, kijikaratasi bado kimebanwa, pini haijaguswa. Mlikuwa pia na futi. Mama Shuka aliizungusha vidoleni, akaiweka kwenye bahasha kwa ajili ya wifi. Wifi alikuja, akachukua nguo, viatu na chupa ya chai. Futi alisema ya nini. Ilikaa dirishani siku kumi, na siku ya kumi na moja, na baadaye.

Tangu hapo vitabu vilishuka, akavisoma, na maoni yake yakawa mafupi. "Kizuri kiasi." "Kirefu." Nyuma hapakurudi kitu. Mle wodini waliendelea kuvigombea, wakaendelea kufungua pini hata wenye muda, na hakuna aliyeandika neno.

Halafu akaja metroni mpya. Hakuwa mtu mbaya. Alishuka mwenyewe mpaka chumba cha kufulia, akamwamkia Mama Shuka shikamoo, akazungumza akiwa amesimama katikati ya maji na viatu vyake vyeupe.

"Mama, si mimi. Ni amri imetoka juu. Karatasi zinabeba maradhi kutoka kitanda hadi kitanda. Kabati inabidi liondolewe."

"Vitabu vyenyewe?"

"Vichomwe."

"Ndiyo, mwanangu," akasema Mama Shuka, kwa sababu hakujua kwamba kuna jibu jingine. Vilishuka kwa mara ya mwisho ndani ya magunia mawili, vitabu sitini na kimoja, na kila kimoja kina kijikaratasi chake. Walivichoma nyuma ya jengo siku ya upepo. Mzee Pasi alivitoa vitatu gunia likiwa bado halijafunguliwa, akavificha chini ya meza yake. Alivichagua kwa unene, maana hakuwa na njia nyingine ya kuvijua. Kimoja kilikuwa kile cha gauni jeupe.

Miezi saba baada ya Fundi, muuza vitabu alimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara. "Mama! Kimetoka. Nimekuwekea."

Alikisoma kwa siku mbili, saa ya chakula, kwenye benchi nje ya chumba cha kufulia, chini ya dirisha ambalo kwa ndani lilikuwa likionyesha miguu yake. Alisoma polepole mwanzo, akatafuta kile kilichosikika kifuani pa jiwe. Mwandishi hakukigusa tena, alikuwa amekisahau. Kikongwe alikufa katika sentensi moja. Vikombe vya maji havikutajwa. Kisha, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, ndege anapita juu ya kisima, anadondosha unyoya, unyoya unatua puani mwa kijana wa jiwe, naye anapiga chafya na kuamka. Kisima kinajaa. Binti anarudishiwa sauti, kivuli na uso wa mama yake, vyote kwa mpigo, na anaolewa na gauni jeupe.

Mama Shuka alirudi kwenye ukurasa ule akausoma tena, akidhani ameruka mahali. Hakuwa ameruka. Miaka na mateso yote yale, na dawa ilikuwa chafya.

Aliingia ndani, akakata kijikaratasi. "Kitabu kibaya," aliandika. "Mwandishi amechoka. Sikuamini hata neno moja." Sehemu ya chini akaandika mwisho, "Anaamka," ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, akakunja, akabana. Alikuwa amemaliza ndipo akakumbuka kwamba hakuna kabati.

"Kikoje?" Mzee Pasi aliuliza.

"Kibaya."

"Anaamka?"

"Anaamka."

Mzee Pasi alipitisha pasi juu ya shuka kutoka upindo hadi upindo. Mvuke ukapanda, ukatawanyika.

"Basi ungemwambia tu," akasema. Hakusema kwa ubaya.

"Ndiyo," akajibu Mama Shuka.

Hata hivyo mikono ina mazoea yake. Kesho yake alikitia kitabu kati ya mashuka safi ya kitanda cha kumi na nne, katikati kabisa, kisionekane. Kilipanda. Asubuhi iliyofuata kilishuka ndani ya furushi, pini mahali pake. Akakipandisha tena, kikashuka tena. Mara ya tatu alisukuma toroli mwenyewe aone ni nani amelala pale. Alikuwa bibi mmoja aliyefungwa bandeji macho yote mawili, amegeukia ukuta. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya. Zile namba hazikuwepo. Mama Shuka alitandika kitanda huku bibi amekilalia, kama wanavyojua watu wa kazi ile, akachomeka pembe vizuri, akamtakia nafuu, akashuka na kitabu chake kwapani.

Chini, mashine ya kubembelezwa ilikuwa imeanza kukamua na ilikuwa inasogea. Ubao wake ulikuwa umeoza tena, umebaki nyuzi. Mama Shuka aliizima. Akachomoa pini kwenye kijikaratasi, akaibana kwenye ukosi wa koti lake la kazi, maana pini zilikuwa zimekuwa chache. Kijikaratasi akakiacha ndani. Mzee Pasi alikuja bila kuitwa, akainua mashine kwa bega, naye Mama Shuka akapiga goti na kuingiza kitabu chini ya mguu ule mfupi. Unene wake ulikuwa kamili, kama kilichapwa kwa kazi hiyo.

Akaiwasha. Mashine ikasimama pale pale ilipo, ikakamua mashuka.